Kabla Hujalipia Safari ya Kunyonywa Mafuta: Jibu kwa Mama wa Wete

SWALI: Asalaamu alaykum daktari. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Wete. Wa mwisho nilimzaa kwa operesheni, sasa ana miaka miwili na nimeshamwachisha ziwa. Tangu hapo tumbo limekataa kurudi. Nina kilo 88 na urefu wa mita 1 na sentimita 60. Sina presha, lakini mama yangu ana kisukari na naogopa na mimi kitanifika. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wifi yangu anayeishi Maskati amenitafutia kliniki ya kunyonya mafuta. Wameangalia picha nilizotuma kwa simu, wakasema watatoa lita 6 tumboni, mgongoni na mikononi, baadhi ya mafuta hayo waniwekee makalioni, na siku ya tatu napanda ndege kurudi. Nataka kwenda Shaabani ili Idi nivae gauni langu. Je, ni salama? Na itaniondolea hatari ya kisukari?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu. Umeuliza kabla ya kulipa, na hilo limenifurahisha sana, maana wengi wanaoniuliza jambo hili huniuliza wakiwa wamesharudi safari. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale pale: wameangalia picha. Hakuna mkono wa daktari uliogusa tumbo lako. Tumbo la mama aliyezaa mara tatu, tena mara ya mwisho kwa kisu, halisomeki kwenye simu. Picha inaonyesha kwamba tumbo limetokeza. Haionyeshi limetokezwa na nini.

Nusu ya jibu unaweza kuipata mwenyewe leo usiku kitandani. Lala chali, legeza mwili, kisha kamata tumbo chini ya kitovu kwa vidole kama unavyokata donge la unga wa chapati. Kile kinachojaa mkononi ndicho watu wanachokiita nyama uzembe, yaani mafuta yaliyo baina ya ngozi na misuli. Mrija wa kunyonyea mafuta huyafikia hayo, na hayo tu. Lakini kama ukilala chali tumbo bado limepanda juu, gumu, na vidole haviokoti kitu cha maana, basi hicho ni kitambi. Mafuta yake yako ndani, nyuma ya ukuta wa misuli, yamezunguka utumbo na ini. Hayo hanyonyi mtu, popote duniani. Mrija ukivuka ukuta ule umeshaingia kwenye utumbo, na wapo waliokufa kwa kutobolewa hivyo. Kina mama wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na kazi ya daktari ni kukuambia kila kimoja ni kiasi gani.

Ukiwa bado umelala, inua kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono, utazame katikati ya tumbo. Ukiona pametokeza tuta kutoka chini ya kifua hadi kitovuni, mfano wa mtumbwi uliopinduliwa, au ukiweka vidole viwili hapo vikazama, misuli yako imeachana. Mimba hufanya hivyo, na kwa wengine misuli hairudi yenyewe. Bibi zetu walimfunga mzazi mkaja siku arubaini ili tumbo lirudi. Mkaja hulishika tumbo na kumpa mama nafuu ya kuinuka na kutembea, lakini misuli iliyoachana sana haikutanishwi na mkaja, na wala haikutanishwi na mrija wa mafuta. Hiyo inataka mazoezi maalumu ya mtaalamu wa viungo, na ikishindikana, upasuaji wa kuishona, ambao ni mkubwa na ni tofauti kabisa na huo uliotajiwa. Mama mwenye tatizo hili akinyonywa mafuta hutoka na tumbo lile lile, ila lina ngozi nyembamba zaidi.

Kikohozi nacho kina habari zake. Kohoa huku umeweka kiganja kitovuni, kisha juu ya kovu la operesheni. Kikisukumwa na kitu laini kinachotoka na kurudi, hiyo huenda ikawa ngiri, na ndani ya ngiri huwa kuna mafuta ya ndani au kipande cha utumbo kimekaa nje ya ukuta wake, sawasawa kwenye njia ya mrija. Ndiyo sababu kabla ya kukubali mgonjwa aliyezaa kwa kisu lazima tumbo lipapaswe akiwa amelala na akiwa amesimama, na penye shaka lipigwe altrasaundi. Altrasaundi hapo Pemba ipo, si kitu cha kukutoa kisiwani.

Jambo la ngozi nalipitia upesi. Ngozi iliyotanuka mara tatu na kujaa michirizi haina tena mvuto wa kujirudisha. Ukiondoa mafuta chini yake hubaki imening'inia kama kipolo kilichomwagwa mchele. Kuna wanawake wanaohitaji kukatwa ngozi, si kunyonywa mafuta, na wakinyonywa huwa hawaridhiki.

Sasa kisukari, maana naona hicho ndicho kinachokunyima usingizi kuliko gauni. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Samuel Klein walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta mengi ya tumbo, karibu kilo 10 kila mmoja kwa wastani. Saba kati yao walikuwa na kisukari. Walipimwa tena baada ya wiki 10 hadi 12. Kiuno kilipungua na mizani ilishuka, lakini sukari, presha, lehemu na namna mwili unavyoiitikia insulini vilikuwa vile vile. Sababu yake ni hiyo niliyoieleza juu: mafuta yanayovuruga sukari ni hasa yale ya ndani na yale yaliyojificha kwenye ini na kwenye misuli, na hayo mrija haukuyagusa.

Weka hilo kando ya jengine. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa, pia wa Marekani, wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila ya kufikia kisukari. Kundi lililowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo zako 88 ni kilo 6 na kidogo. Kilo 6 zinazoshuka kwa kula na kutembea huyatoa mafuta ya ndani pia. Lita 6 za mrija zinakubadilishia mkato wa mwili tu. Kwa hofu uliyonayo juu ya ugonjwa wa mama yako, mimi siwezi kukuficha kwamba safari hii haitakusaidia chochote.

Tena hizo lita 6 si kilo 6. Kinachotoka kwenye mrija ni mchanganyiko wa mafuta, maji yaliyoingizwa na daktari, na damu. Na kwa uzito wako, uwiano wa uzito na urefu unafika 34 hivi, wakati kikomo cha uzito wa afya kwa urefu wako ni kama kilo 64. Madaktari wengi waangalifu wanataka mgonjwa awe karibu na uzito wake wa kawaida, asizidi kwa zaidi ya asilimia 30, na uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa. Wewe umezidi hapo. Sikusemi, dada yangu. Kuzaa na kulea kunaujua mwili wa kila mwanamke. Nakueleza tu kwamba mtu anayekukubali kwa picha ukiwa na uzito huu amekwishavuka mstari wa kwanza.

Mstari wa pili ni lita zenyewe. Chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia ulitazame. Kutoa zaidi ya hapo kwa mara moja huhesabiwa kuwa ni unyonyaji mkubwa, na taratibu za madaktari bingwa wa fani hii zinataka ufanyike mahali ambapo mgonjwa atalala na kuangaliwa usiku kucha: mapigo ya moyo, mkojo, kupumua, wingi wa damu. Maji huhama kwa kasi mwilini baada ya upasuaji kama huo. Yakipungua presha inaanguka, yakizidi mapafu yanajaa. Kliniki inayokutoa jioni ukalale kwa wifi yako baada ya lita 6 imekuacha peke yako katika saa mbaya kuliko zote.

Hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu kuna hesabu ambayo wagonjwa hawaelezwi. Zamani mafuta yalikwanguliwa kwa vyuma vikali na watu wakivuja damu vibaya. Mwaka 1977 Mfaransa Yves-Gérard Illouz alianza kutumia mrija wenye ncha butu, na miaka ya 1980 daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein (huyu ni mwengine, si yule wa utafiti), akabuni njia ya kujaza kwanza mahali pale maji mengi ya chumvi yaliyotiwa adrenalini, inayobana mishipa ya damu, pamoja na dawa ya ganzi iitwayo lidokeini. Ngozi huvimba ikawa ngumu kama embe bichi, na damu haitoki nyingi. Njia hiyo imeokoa watu wengi. Lakini lidokeini ikizidi ni sumu ya ubongo na moyo. Kikomo alichokiweka Klein, na ambacho wengi wanakifuata, ni miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito; wako wanaofika 55. Kwa kilo zako 88, miligramu 35 zinakupa kama miligramu 3,080. Lita moja ya maji hayo mara nyingi huwa na kati ya miligramu 500 na 1,000. Ukitumia yenye 1,000, lita 3 tu zimeshafika kikomo. Na kwa kawaida maji yanayoingizwa huwa sawa na kile kitakachotolewa, au zaidi. Kutoa lita 6 kwa ganzi hiyo peke yake, sehemu tatu za mwili kwa siku moja, ni hesabu ambayo lazima daktari akufanyie mbele yako kwa karatasi.

Dawa hiyo hupanda kwenye damu polepole. Kilele chake hufika baada ya muda wa kama saa 12, yaani usiku, wakati mgonjwa yuko chumbani na jamaa wanamwambia alale apumzike. Ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, maneno kupotea, kutetemeka: hizo si dalili za uchovu. Anayekesha na mgonjwa lazima azijue, na lazima awe na mtu wa kumwita.

Kuhusu makalio nitakuambia bila ya kuzunguka: likatae hilo, hata kama wanakupa bure. Ndani ya misuli ya makalio kuna mishipa mikubwa ya kurudisha damu. Sindano ya mafuta ikiingia ndani mno na kupasua mshipa, mafuta hukimbilia moyoni na kwenye mapafu, na mtu hufa pale pale mezani au saa chache baadaye, akiwa kijana mzima asiye na ugonjwa wowote. Kamati ya vyama vya madaktari bingwa wa upasuaji huo ilikadiria mwaka 2018 kwamba vifo vinaweza kufika mmoja katika kila upasuaji 3,000, na mwaka huo huo chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kuufanya. Tangu hapo njia zimebadilika. Wanaoufanya kwa uangalifu wanayaweka mafuta chini ya ngozi tu, wakiongozwa na altrasaundi. Lakini tazama na hili: aliyewekewa mafuta makalioni huzuiwa kuyakalia kwa kama wiki mbili, yasife. Kliniki hiyo hiyo inakuambia siku ya tatu ukae kwenye kiti cha ndege. Mtu anayekupangia mambo mawili yanayopingana hivyo hajapanga kitu.

Na ndege yenyewe. Kutoka Maskati hadi Unguja ni saa tano na zaidi angani, kisha ndege ndogo au boti hadi Pemba, kisha gari hadi Wete. Ni siku nzima ya kukaa na miguu imening'inia. Damu ya mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji huganda kwa urahisi, na bonge likitoka mguuni likaenda kwenye mapafu linaua. Uchunguzi wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, ukihusu karibu upasuaji nusu milioni wa kunyonya mafuta, ulihesabu vifo 95, kama kimoja katika kila 5,000, na karibu robo yake vilitokana na mabonge hayo. Hospitali zenye viwango leo zina hali bora kuliko hiyo, lakini muuaji mkubwa alijulikana tangu wakati ule. Waingereza wanawaambia wagonjwa wao wasipande ndege kwa siku 5 hadi 7 baada ya kunyonywa mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya kukatwa ngozi ya tumbo. Kwako wewe, kwa uzito wako na safari yako, mimi nisingekuruhusu kabla ya siku 10.

Sababu yangu nyengine ni vidonge vyako. Vingi vya uzazi wa mpango vina estrojeni, na hiyo huongeza damu kuganda. Kabla ya upasuaji mkubwa huwa tunavisimamisha kwa kama wiki nne. Lakini usiviache leo kwa kusoma maneno yangu. Nenda kwanza kliniki ya uzazi wakupe njia nyengine, vinginevyo utafika mezani una mimba, na hapo hakuna daktari mwenye akili atakayekugusa. Je, unatarajia kuzaa tena? Kama jibu ni ndiyo, au hata huenda, acha tumbo lako mpaka umalize. Mimba inayofuata italitanua upya.

Vitu vyengine unavyomeza vitaje vyote, hata vile unavyoviona ni chakula. Aspirini, dawa za maumivu kama ibuprofeni, vidonge vya kitunguu saumu, habasoda ya kila asubuhi, mitishamba ya kupunguza uzito inayouzwa kwenye pakiti zisizo na maandishi ya maana: vingi katika hivi huweza kuifanya damu isikamate vizuri, na vyengine hupandisha moyo mbio chini ya dawa ya usingizi. Kama katika ukoo wenu kuna siko seli, au aliyewahi kuganda damu mguuni, au aliyepata shida na usingizi wa operesheni, sema. Kama makovu yako huvimba yakawa manene, tazama lile la operesheni lilivyopona kisha mwonyeshe daktari. Tundu za mrija ni ndogo lakini nazo huacha alama, na ngozi zetu nyeusi huacha doa kwa muda mrefu. Anayevuta sigara au shisha lazima aache angalau mwezi mzima kabla.

Tuje kwa huyo atakayekushika. Barua yako imetaja kliniki, lita na siku ya kurudi. Haina jina la daktari. Dada yangu, jina ndilo la kwanza. Hapa kwetu kuna Baraza la Madaktari Zanzibar, na Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika; kila nchi ina chombo cha namna hiyo, na wifi yako aliye huko anaweza kuuliza kama mtu huyo amesajiliwa, na amesajiliwa kuwa bingwa wa nini. Daktari wa kweli haudhiki kuulizwa. Muulize pia nani atakupa usingizi, na kama huyo ndiyo kazi yake peke yake, maana anayenyonya mafuta hawezi wakati huo huo kulinda pumzi zako. Muulize ukizidiwa utapelekwa hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na ni mwendo wa dakika ngapi. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, siku moja kabla, siyo ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji.

Usafi wa vifaa nao si jambo la kudhania. Mwaka 2023 Wamarekani waliovuka mpaka kwenda Matamoros, Mexico, kufanyiwa upasuaji wa urembo, ikiwemo kunyonywa mafuta, walipata maambukizi ya fangasi kwenye utando wa ubongo kupitia ganzi ya uti wa mgongo. Kadhaa walikufa, na wengine dalili ziliwaanza wiki kadhaa baada ya kufika nyumbani, mbele ya madaktari ambao hawakujua wamefanyiwa nini na wapi. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa mtu wa Pemba. Ukipata homa siku ya kumi, ni hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, au ya Chake itakayokupokea, na wenzangu wale hawatakuwa na karatasi hata moja. Popote utakapofanyiwa, maisha yako yote, usirudi bila ya ripoti iliyoandikwa kiasi kilichotolewa, dawa zilizotumika na namba ya kumpata daktari.

Kama Bara inakufaa kuliko ng'ambo, Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ni ya serikali na imeanza huduma za kurekebisha umbo, pamoja na kuweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupunguza uzito. Huko angalau utapapaswa kwanza, utazungumza kwa lugha yako, na ukirudi kwa matatizo ni boti, si viza. Ila usiende saluni kwa sindano za kuyeyusha mafuta. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa moja tu ya namna hiyo, mwaka 2015, na ni kwa mafuta ya chini ya kidevu. Mwaka 2023 ikawaonya watu juu ya sindano zisizoidhinishwa zinazoacha vidonda, madonge na usaha.

Tuseme siku moja umefikia uzito mzuri, umepimwa, na umefanyiwa mahali panapofaa. Siku mbili za mwanzo matundu hutoa maji mekundu mekundu kwa wingi unaotisha. Weka mpira chini ya shuka. Utavaa nguo ya kubana wiki nne hadi sita, mkaja wa kisasa ukipenda. Wazazi wetu watataka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi. Wazuie kwa adabu, lakini wazuie. Ngozi iliyonyonywa hufa ganzi kwa wiki au miezi, na mtu huungua malengelenge bila ya kuhisi. Vivyo hivyo chetezo cha udi chini ya kanga. Kuinuka na kutembea chumbani siku ile ile ni lazima, ndoo za maji na kumbeba mtoto vingoje. Sala unaweza kukaa kitini, na suala la udhu juu ya bandeji, kama na suala la upasuaji wenyewe kwa ajili ya uzuri, muulize shekhe unayemwamini. Mimi hapo si mjuzi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, kifua kikichoma, homa, tumbo kuwa gumu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mkojo kukata: usingoje asubuhi, na usianze na panadoli.

Shaabani ni wakati mbaya pia kwa sababu ya mwezi unaofuata. Mwili unaotoka kwenye upasuaji unataka maji mchana kutwa, na kufunga wiki mbili baada ya kunyonywa lita nyingi ni kuukaribisha ugandaji wa damu niliokueleza.

Na mafuta hurudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha mwaka 2011 kwamba wanawake walionyonywa mapaja na sehemu ya chini ya tumbo walikuwa wamerudisha kiasi kile kile cha mafuta ndani ya mwaka mmoja, ila yalihamia juu ya tumbo, mabegani na nyuma ya mikono. Asiyebadilisha sahani na mwendo wake hulipia kuhamisha mafuta.

Basi mimi ningekuomba hivi. Wiki hii nenda hospitali ya karibu, upimwe sukari, ile ya kufunga na ile inayoonyesha miezi mitatu, wingi wa damu, presha, na daktari alipapase tumbo na kovu. Mwonyeshe vipimo ulivyojifanyia kitandani. Kama misuli imeachana, muulize habari ya mazoezi kabla ya kuulizia kisu. Nyumbani anza na vya kunywa: soda, juisi ya pakiti, chai ya vijiko vitatu. Kisha wali wa nazi uwe sahani moja, samaki na mchicha viongezeke, mandazi ya asubuhi yaache yawe ya siku ya wageni. Tembea nusu saa siku tano za wiki. Hizo ndizo dakika 150. Zikishuka kilo 6, pima tena, kisha niandikie umeambiwa nini na tumbo limebaki vipi. Wakati huo ndio tutajua kama lililobaki ni kazi ya mrija, ya kushonwa misuli, au si kazi ya mtu yeyote.

Gauni la Idi, hata ungekwenda Maskati kesho, lisingekuingia vile ulivyodhani, kwa sababu uvimbe wa kunyonywa mafuta hukaa miezi mitatu hadi sita kabla umbo halijatulia. Mpelekee fundi vipimo vya mwili ulio nao sasa, na umwambie aache upindo mpana ubavuni, wa kupunguzia baadaye.